Sikio la Fundi Halina Ujira?

Ikiwa kuna jambo moja ambalo wenye magari wa pwani na wa bara wamekubaliana bila ya kuitishiwa baraza, ni hili: injini ikifumuliwa na kuundwa upya, kisha gari lisivute, basi fundi ameiba. Hapana anayeuliza kwanza gari lina nini. Huulizwa fundi ametia pistoni gani, ringi za wapi, na zile za asili amekwenda kumuuzia nani. Hukumu hutangulia, na ushahidi hufuata nyuma ukitweta.

Mimi si fundi. Nimelelewa chuoni kwa ubao na wino, kisha nikaingia kazi ya kalamu, na mikono yangu haijui spana. Walakini gari langu ni kuukuu, na mwenye gari kuukuu huishi gereji apende asipende. Hukaa juu ya gurudumu bovu, akaletewa chai ya rangi, akasikiliza. Kwa miaka mingi nimesikiliza, na ninayoandika leo nimeyaona kwa macho yangu katika kaunti mbili za upande wa ziwa, Migori na Homa Bay, nilikoitwa na walimu wa Kiswahili kuwasikiliza wanafunzi wakighani mashairi.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 504 ya petroli, silinda nne. Msomaji kijana huenda hajui heshima ya gari hili, kwa hiyo nitaitaja kwa ufupi. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda nalo mbio za Safari, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 ya aina nyingine, yenye injini ya silinda sita. Kabla yake ndugu yake mkubwa, 404, alikwisha kuifanya Safari kama nyumba yake katika miaka ya sitini. Hapa kwetu ziliunganishwa 504 zipatazo 27,000. Zile ndefu za nyuma, za kuchukua abiria, ndizo zilizopeleka watu Kisumu, Kisii na Migori kabla ya Nissan kutawala barabara. Watu walisema "nimepanda Pijo", na aliyesema hivyo alikuwa akijisifu. Leo zimebaki chache, na kila iliyobaki ina mwenyewe anayeipenda kuliko inavyostahili chuma kupendwa.

Mwenye hii alikuwa mwalimu mstaafu, mkaazi wa Homa Bay. Gari lililala chini ya mti miaka tisa. Alipopata fedha zake alilipeleka Migori kwa fundi kijana aliyesifiwa, mwenye wanafunzi wawili na uwanja uliojaa magari ya watu. Injini ikafumuliwa yote. Krenki ikapelekwa kuchongwa. Silivu mpya, pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya. Gari likafungwa, likapakwa rangi, likawaka kwa ufunguo mmoja. Likisimama lanung'unika taratibu kama paka aliyeshiba. Barabara ya tambarare halikuwa na neno.

Ubaya wake ulitokea mlimani. Kutoka Homa Bay ukielekea Rongo unaliacha ziwa nyuma na kupanda. Hapo Pijo lilichoka. Gia ya tatu halikubali, ya pili lilijikokota, sindano ya joto ikapanda, na trekta lenye tela la miwa likapiga honi na kulipita. Mwalimu aliniambia kwamba hilo la trekta ndilo lililomuuma zaidi, nami namwamini.

Maneno yakaanza. Kwanza kwa simu, kisha mbele ya watu. Mpwa wa mwalimu, anayefanya kazi Mombasa, akaja na geji ya kupimia mgandamizo wa silinda, akafungua plagi, akapima. Silinda zote nne zikatoa pauni 135 au karibu yake. Yeye Mombasa alikwisha kupima Peugeot ya namna hiyo hiyo ikatoa pauni 160. Basi, akasema, pauni 25 zimekwenda wapi? Ringi ni za bandia, na za asili zimeuzwa. Habari ilifika Migori kabla ya gari kupoa. Kwa wiki mbili wateja watatu waliyaondoa magari yao katika uwanja wa yule kijana, na shauri likawa limekwisha kupelekwa kwa wazee. Fundi hana duka wala cheti ukutani. Jina lake ndilo mtaji, nalo lilikuwa limeanza kumwagika.

Sasa tuitazame ile hesabu ya mpwa, maana ndiyo iliyotumiwa kama panga. Geji yake ilikuwa nzima na macho yake mazima. Alichosahau ni mahali aliposimama. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Migori uko juu zaidi ya hapo, umepita mita 1,300. Hewa ya huko ni nyepesi. Ukiwa ukingoni mwa ziwa umekwisha kupoteza karibu sehemu moja katika nane ya uzito wa hewa tunayoivuta sisi Mombasa. Ukifika Migori imekaribia moja katika saba. Injini ni mapafu. Inavuta hewa iliyopo, haiwezi kuvuta isiyokuwapo. Injini ile ile, nzima kabisa, inayotoa pauni 160 Kilindini, itatoa kiasi cha 135 Migori bila ya kuibiwa hata msumari. Lile deni la pauni 25 lilikuwa deni la mlima, naye akamwandikia fundi.

Na lipo jingine ambalo kila mwenye geji yapasa alijue kabla ya kufungua mdomo: jambo kubwa katika kipimo hiki ni kule kulingana kwa silinda. Zikilingana nne, zikapishana kwa pauni mbili tatu tu, ni vigumu kusema kwamba ringi zimekufa, kwa kuwa ringi mbovu hazifi kwa utaratibu wa mashairi, zote kwa mizani moja. Ukiwa bado na shaka, tia kijiko cha oili ndani ya silinda kwa tundu la plagi, upime tena. Ringi zikiwa zimelegea, oili itaziba mwanya na sindano itapanda sana. Zikiwa nzima, itasogea kidogo tu. Kipimo hiki hakigharimu kitu. Mpwa hakukifanya.

Aliyekifanya ni mzee mmoja wa Homa Bay, fundi wa siku nyingi, ambaye siku hizi hutengeneza zaidi injini za mashua za wavuvi. Mwalimu alimwita awe shahidi wake dhidi ya kijana wa Migori. Nilikuwapo. Mzee hakugusa chombo kwa muda wa kama robo saa. Alisema, "Mwalimu, liwashe." Akasimama kando, kichwa kimeinama, macho amefumba. Mimi nilikumbuka chuoni, jinsi mwalimu wetu alivyokuwa akitusikiliza watoto thelathini tukisoma kwa sauti, kila mmoja mahali pake, na akanyosha bakora kwa yule mmoja aliyefupisha palipopasa kuvutwa. Wasomaji wa Korani wamegawanya makosa mafungu mawili: liko la wazi, ambalo hata asiye mjuzi hulisikia, na liko la siri, ambalo hulisikia mwenye sikio lililofunzwa. Injini nayo ina makosa ya namna hizo mbili.

Kisha akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa na mpango. Gari lilianza kukosa nguvu lini, tangu siku ya kwanza au baadaye? Tangu siku ya kwanza. Likiwa baridi au likipata moto? Yote mawili. Moshi wake? Hakuna wa buluu, hakuna mweupe. Linakohoa? Halikohoi. Linapiga chafya kwenye kabureta? Hapana. Linalia kama njugu kwenye kikaango ukilikanyaga mlimani? Hapana, lanyamaza tu na kuchoka.

Hapa nitakatiza maneno kidogo, maana ukurasa huu ni wa utamaduni. Tazama Kiswahili kile. Kukohoa, kupiga chafya, kulia njugu, kuchoka. Mzee yule lugha yake ya nyumbani ni Kijaluo, na hajasoma kitabu cha injini kwa lugha yoyote, lakini ametengeneza elimu nzima ya kutambua ugonjwa wa gari kwa maneno ambayo mamaye angeyatumia kwa mtoto mchanga, na kila neno lina maana yake moja, halichanganyiki na jingine. Chafya ya kabureta humwambia kwamba petroli ni chache kuliko hewa, au moto waja mahali si pake. Njugu zamwambia moto waja mapema mno. Wataalamu wetu wa istilahi hukutana hotelini kutunga maneno ya ufundi, na huko gereji maneno yamekwisha kukomaa na kuvunwa. Nirudi.

Akalisukuma gari kwa mkono kwenye tambarare, likaenda. Kwa hivyo breki hazishiki. Maana gari lililolala miaka tisa aghalabu breki zake hushika, na mwenyewe akadhani injini ndiyo dhaifu. Akamwambia mwanafunzi wake akanyage mafuta mpaka mwisho, yeye akachungulia kabureta: mlango wafunguka wote. Linaonekana jambo dogo, walakini nimeambiwa kwamba injini nyingi zimefumuliwa mara ya pili kwa sababu ya waya wa mafuta uliofungwa mfupi. Akatoa mpira wa petroli akauingiza ndani ya chupa, akawasha: petroli yaja kwa nguvu, safi, haina kutu ya tangi. Akafungua plagi. Zilikuwa na rangi ya kahawa iliyokolea, nyeusi kidogo kuliko ipasavyo, jambo ambalo hakulistaajabia, kwani kabureta iliyopangiwa hewa nzito ya chini humimina petroli nyingi kupita hewa ya huku. Akapima mwanya wa valvu kwa geji, maana hedi ikikazwa upya baada ya kutiwa gasketi, mianya ile hubadilika. Ilikuwa sawa. Akatia kile kijiko cha oili nilichokitaja. Sindano ilisogea kiasi cha upana wa ukucha.

Ndipo alipofungua kifuniko cha distributa, akaishika ile rota kwa vidole viwili, akajaribu kuizungusha. Haikwenda. Akajaribu tena. Akacheka peke yake, akamwita mwalimu, akamwambia, "Shika hapa wewe mwenyewe."

Rota ya distributa nzima ukiizungusha kwa vidole upande inakozungukia husogea kidogo, kisha hurudi yenyewe kwa springi. Chini yake mna vijiwe viwili vya chuma ambavyo injini ikienda mbio hutanuka na kuuwahisha moto. Sababu yake ni hii. Petroli na hewa haviungui kwa kufumba na kufumbua; huchukua muda. Injini ikienda polepole muda upo. Ikienda mbio, moto sharti utangulie, kama nahodha anavyogeuza tanga kabla hajaufikia mwamba. Vijiwe vya gari lile vilikuwa vimeshikana kwa kutu ya miaka tisa. Likisimama, moto waja wakati wake, nalo lanung'unika kama paka. Likipanda mlima kwa mbio, moto wachelewa, petroli yaungua pistoni imekwisha kushuka, nguvu yapotea, na joto ambalo lingesukuma gari laingia kwenye hedi na ekzosi. Ndiyo sababu ya sindano kupanda. Ndiyo sababu ya trekta la miwa.

Ukarabati wenyewe ulikuwa kuifungua distributa, kusafisha kutu, kutia oili nyepesi, na kupanga moto upya. Mchana ule ule ulikwisha, na kabla ya magharibi Pijo lilikwenda Rongo na kurudi kwa gia ya tatu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo kwa kupeana mikono. Mwalimu aliuliza, "Umetia nini?" Mzee akajibu kwamba hakutia kitu. "Basi nikulipe nini?" Hakuliuliza kwa uchokozi. Kwake lilikuwa swali la haki: hakuna kifaa kipya, hakuna risiti, kazi ya mchana mmoja na oili ya kijiko. Baada ya maneno akatoa shilingi mia tano, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetapeliwa.

Nami hapa ndipo ninapowalaumu wenye magari, na mimi nikiwa mmoja wao. Sisi humlipa fundi kwa mikono na vifaa. Sikio, swali, ile miaka arubaini iliyomfundisha kuishika rota badala ya kuifungua hedi, hivyo twaviona ni vya bure. Fundi si mjinga. Akijua kwamba akikuambia "ni kutu tu" atapata mia tano, na akikufungulia injini, akakuonyesha chombo kilichojaa vyuma vyeusi na gasketi mpya, atapata elfu kumi na tano pamoja na shukrani, je, mwaka ujao atasema nini? Wizi ule tunaoulalamikia, sehemu yake kubwa tumeufundisha wenyewe. Daktari humlipa mtu kwa kumsikiliza kifua akamwambia hana ugonjwa, akatoka akimshukuru Mungu. Samahani, ulimi umeteleza kwa haraka, ni mtu ndiye anayemlipa daktari. Fundi akisema hivyo hivyo, tunamdai.

Sisemi mafundi wote ni mawalii. Vifaa vya bandia vimejaa madukani, na liko gari lililoingia gereji na kabureta yake likatoka na ya jirani. Mwenye gari ana haki ya kurudishiwa vyuma vyake vya zamani katika mfuko, avione, avihesabu. Fundi anayekasirika kwa kuombwa hivyo mwogope. Lakini haki hiyo haikupi ruhusa ya kuanzia kwenye wizi kila gari linapokosa nguvu. Anzia kwenye vile ambavyo havikuguswa. Injini iliyoundwa upya ni vyuma vipya vilivyofungiwa nyumba moja na vyuma vizee: distributa ile ile, kabureta ile ile, pampu ile ile, tangi lile lile lenye kutu. Macho yote huelekea kwenye kipya kwa sababu ndicho kilicholiwa fedha, na kizee hukaa kimya pembeni kikifanya uharibifu wake.

Na hapo lipo jambo ambalo mwalimu hakuniambia, nililiona mwenyewe siku mbili baadaye nilipopita Migori na kumwendea yule kijana. Alinionyesha daftari lake la shule, la mistari, ambamo huandika kazi za kila gari kabla ya kuanza. Katika ukurasa wa ile 504 mliandikwa silivu, pistoni, ringi, beringi, na chini yake: "kufungua na kusafisha distributa na kabureta", na bei yake mbele. Mstari huo ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu. Nilimuuliza nani aliyeukata. Akasema mwenye gari, ili kupunguza hesabu. Mwalimu alikuja na kalamu yake mwenyewe, kama mtu anayesahihisha mtihani.

Nilimuuliza kwa nini basi hakuifungua distributa ile hata kwa dakika moja, kwa heshima ya kazi yake. Alinijibu kwamba mtu akikukatalia jambo kwa maandishi, ukalifanya kwa siri, siku likiharibika utaambiwa wewe ndiwe uliyeliharibu. Sikuona la kumjibu. Ila nilimwambia, na namwambia tena hapa, kwamba kukubali kukatwa mstari si sawa na kunyamaza: angemwandikia mwenye gari chini ya ule wino mwekundu kwamba gari litatoka likiwa na moto usiojulikana hali yake, na amtake atie sahihi. Daftari analo. Kalamu anayo.

Wale wateja watatu, mmoja amerudi. Wazee hawakuhitajika tena kukaa. Mwalimu amempigia simu kijana na kumwambia kwamba kosa limepatikana na kwamba yeye hana kinyongo. Zile tuhuma za ringi zilisemwa sokoni Migori mbele ya watu wengi, na mpaka ninapoyaandika haya, hajapita sokoni.